Mkwe Wangu Kokoto na Tope la Mlangoni

Mkwe wangu ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoliona kwanza, na mimi nikishaona kitu sikifichi. Siku mwanangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, jogoo alipiga mbawa karibu na mguu wake, binti wa watu akamwaga chai yote kwenye sahani. Nikamvuta mwanangu pembeni, nikamwambia, "Kati ya wanawake wote walioumbwa, umemwona huyu? Huyu hata kivuli chake kitamkimbiza." Mwanangu akacheka tu. Tunamwita Kigingi tangu utotoni, maana akisimama mahali akakataa kuondoka, hata umvute kwa kamba ng'o. Hilo kalitoa kwangu, sibishi.

Basi wakaoana, wakakaa uani kwangu, mlango wao unatazamana na wangu. Kigingi ni dereva wa tipa la kampuni inayotengeneza barabara. Mkwe anafanya kazi maabara. Mimi kusikia maabara nilijua ya damu na mkojo, nikajivunia kwa majirani. Kumbe ya mawe! Wanapima mawe na udongo wa barabara, wanavitwanga, wanavichekecha, wanaviweka kwenye mizani kama nyama ya buchani. Majirani walicheka mpaka wakampa jina la Kokoto. Likamganda mpaka leo, hata mimi namwita hivyo.

Maabara yenyewe haiko mbali, ni nyuma ya karakana ya magari, jengo refu la bati. Siku moja alisahau ufunguo nikampelekea, ndipo nikaona anachokifanya mchana kutwa. Anachukua kifusi, ile changarawe nyekundu inayotandikwa chini ya lami. Anakichanganya na maji kwenye karai, si mengi, si machache, kama mtu anayekanda unga. Anakitia kwenye kopo la chuma kidogo kidogo na kukishindilia kwa nyundo nzito. Kila akimaliza tabaka moja anakwaruza juu yake kwa kisu, ndipo amwage jingine, ili yashikane. Akifungua kopo, kinatoka kigogo cha udongo kimesimama wima, kimenyooka, unatamani ukiguse. Halafu anakifunga na nailoni na kukilaza rafuni usiku kucha. Nikamwuliza, "Unakifunika kwa nini, kitapata baridi?" Akasema, "Maji yaliyomo yatulie, Mama, yaenee kote sawasawa. Na yasitoroke."

Kesho yake kile kigogo anakivalisha mpira kama soksi, anakiingiza ndani ya chupa kubwa nene, anafungulia upepo ukibane pande zote. Juu kuna fimbo ya chuma. Mashine ikiwashwa, ile fimbo inakidunda. Tu! Inatulia. Tu! Inatulia. Hivyo hivyo, mara maelfu, wewe utachoka kusikiliza, yenyewe haichoki.

"Kila mdundo ni tairi moja linapita, Mama," akaniambia. "Gari likipita, barabara inabonyea, ila macho hayaoni. Likishapita, inarudi. Kifusi kizuri ni kikakamavu, kinabonyea kidogo mno na kurudi chote. Kibaya kinabonyea, halafu kila mara kinabaki chini kidogo. Kidogo tena. Kidogo tena."

"Halafu?"

"Halafu siku moja hakirudi."

Alilisema hilo huku amejibanza nyuma ya nguzo. Kila akifungulia upepo wa ile chupa anakimbilia nguzo, anasema ikipasuka itatukata nyuso. Mzee wa Ungo, yule mchekechaji wao, mtu wa maneno mengi, akamcheka: "Kokoto, chupa hii imekaa hapa tangu unanyonya! Ukifa hapa utakuwa umekufa kwa presha yako, si ya mashine." Nami nikacheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba mkwe wangu ni mwoga hata kazini.

Sasa ikaja barabara ya mlimani.

Ni ile inayozunguka ubavu wa mlima, mkono mmoja ukuta wa mwamba, mkono mwingine korongo ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Kampuni ilitaka kutumia kifusi cha machimbo ya karibu. Kokoto ndiye aliyekipima. Alirudi jioni hiyo anatembea kama amepewa cheo. "Mama, kifusi kile kigumu ajabu! Mashine inadunda, chenyewe kinaitazama tu. Sijawahi kuona." Kigingi akamtania, "Umepata mwenzio? Maana na wewe huwa unanitazama tu nikiongea." Tukacheka wote watatu. Kifusi kikapita, kikatandikwa mlimani, kikashindiliwa, kikangoja lami.

Kilichobaki kwenye magunia maabara hakikuwa na kazi tena. Wenyewe wana desturi ya kugawana mabaki, huyu anapeleka kwenye kibaraza, yule njiani kwake. Na mlangoni kwangu palikuwa na dimbwi la miaka mingi, nililoliapia. Kokoto akaniletea toroli la kifusi kile kile, akalijaza dimbwi, akalishindilia kwa nyundo yake. Pakawa pagumu kama sakafu. Nikapita mbele ya majirani nikigonga na kisigino. Wao walicheka jina, mimi nina sakafu.

Mvua zikaanza. Zilinyesha mfululizo, zile za kunyesha bila ngurumo, kama zimetumwa na mtu mwenye subira. Siku za mwanzo sikutoka nje kwa huo mlango, natumia wa jikoni, miguu yangu haipendi baridi. Ikafika asubuhi moja, Kigingi akanigongea dirisha: "Mama, natoka. Leo mlima unafunguliwa kwa magari ya kampuni. Tipa langu ndilo la kwanza kupita na mzigo." Anajisifu. Nikamwambia, "Nenda salama, na usipande na maneno mengi."

Alipokwisha kuondoka nikafungua mlango wa mbele nimwage maji. Nikakanyaga sakafu yangu. Mguu ukaenda. Ukaenda mpaka kwenye kifundo, ndani ya kitu laini kama uji wa mgonjwa. Nikashika mwimo wa mlango, nikauvuta mguu, mguu ukaja, ndala ikabaki huko.

Nilipiga kelele uani: "We Kokoto! We mke wa Kigingi! Njoo uone mawe yako! Ndiyo haya ya kuitazama mashine? Mimi nimetazamwa na majirani kwa sababu ya uji!"

Akatoka na kanga, mswaki mdomoni. "Nini tena, Mama?"

"Nini? Ingiza mkono unitolee ndala yangu, ndiyo nini!"

Akainama. Nilidhani ataomba radhi, nilishatengeneza maneno ya kumjibu. Akaingiza mkono kwenye lile tope, akalikamua. Likapita katikati ya vidole. Akalikamua tena. Mswaki ukamdondoka. Nimekwisha kuwaona watu wakiletewa habari ya msiba. Uso wake ulikuwa huo, na hapakuwa na mtu aliyesema lolote.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Hiki si kifusi cha machimbo mengine. Nilikitoa mwenyewe kwenye gunia. Ni hicho hicho."

"Hicho hicho kipi?"

"Cha mlimani."

Mimi mtu mzima, nilikuwa sijakimbia tangu nilipozaa mtoto wa mwisho. Siku hiyo nilikimbia. Nilikimbia na ndala moja, nyuma ya mke wa mwanangu, mvua inatupiga, na kila nikikanyaga njia nilikuwa naogopa itaniacha niende chini. Kumpigia Kigingi haikuwezekana. Mhandisi wao alipiga marufuku simu garini, madereva wanaziacha getini kwenye kikapu, wanabaki na ile redio ya upepo tu. Na redio ya kuongea na mlimani ilikuwa maabara.

Tukaingia. Mzee wa Ungo alikuwa anawasha jiko la chai. "Kokoto, mama mkwe anakufukuza au unamkimbiza?"  Kokoto alisimama katikati ya chumba akizungusha macho kama mgeni. Akatazama rafu ya zamani, ile ya dirishani. Ilikuwa tupu, maji yanaitiririkia kutoka kwenye bati lililotoboka. Akatazama rafu nyingine, ya pembeni, imeegemea oveni kubwa ya kukaushia udongo, ile isiyozimwa. Juu yake kulikuwa na kigogo kimoja kimebaki, kimefungwa nailoni.

"Ni wewe uliyevihamisha?" akamwuliza Mzee wa Ungo.

"Tulihamisha wote. Bati lilivuja kwa yale manyunyu ya kabla ya mvua hizi, hujavidunda bado, ukasema wewe mwenyewe visilowe. Umesahau? Ulikuwa unaogopa hata tone moja lisije likavipata."

Akakishusha. Nailoni ilikuwa imelegea, imejikunja juu kwa joto kama ganda la kitunguu. Kwenye kigogo wenyewe huandika kwa chaki uzito wa siku kilipotengenezwa. Akakiweka kwenye mizani. Mimi namba za mashine sizijui vizuri, lakini niliona namba ya chaki, nikaona na ile ya mizani, na hazikuwa ndugu. Kigogo kilikuwa kimepungua. Kilikuwa kimelala kando ya moto kikapoteza maji yake yote kimya kimya.

"Maji nilipima kwenye karai, siku ya kuchanganya," akasema. Hakuwa anasema na sisi. "Sikupima tena kwenye vigogo. Nimekidunda kikiwa kikavu. Udongo ukikauka, nani hajui kwamba unakuwa mgumu? Hata tofali linajua."

Akachukua beseni, akalijaza maji, akakivua kigogo nailoni na kukisimamisha ndani. Tukainama watatu. Mwanzoni kilitoa povu pembeni. Nikajipa moyo, nikasema moyoni, kimesimama. Halafu miguu yake ikavimba, ikafunguka, na kile kigogo kilichoitazama mashine kikakaa chini polepole, kama mzee anayetafuta kiti, kikaenea beseni zima.

 Mzee wa Ungo akachovya kidole kwenye beseni, akakitazama.

Kokoto akaenda kwenye redio. Kitufe kikamponyoka mara ya kwanza. Nilifikiri, huyu wa jogoo, huyu wa kujibanza kwenye nguzo, atafanya nini? Nikanyoosha mkono nimshike bega. Alikuwa ameshabonyeza.

"Mhandisi, Mhandisi, hapa maabara. Zuia magari mlimani. Lisipite hata moja."

Redio ikakwaruza. Sauti ya mwanamume ikasema, "Maabara, kuna nini asubuhi yote hii? Ulinipa majibu mazuri na sahihi yako iko chini."

"Majibu yale si sahihi."

"Unasema uliniandikia uongo?"

"Si uongo. Ni kosa. Kosa ni langu. Kifusi nilikipima kikavu, kikilowa hakishiki. Na sasa kimelowa. Nifukuze kesho, leo zuia magari!"

 Nikasikia mvua juu ya bati, nikasikia na jiko la chai. Kisha Mhandisi akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imebadilika, "Tipa la kwanza limeshapanda. Liko kwenye kona ya juu."

Hapakuwa na haja ya kuuliza la nani.

Kokoto akamwita mumewe. Akamwita tena. Kwenye redio hiyo wanasikia wote, madereva, wasimamizi, watu wa greda, na Kigingi naye akajibu kwa sauti ya kuwafurahisha wote: "Mke wangu! Umenikosa nyumbani sasa unanitafuta hewani? Jamani, mnaona ninavyopendwa?" Nikasikia watu wanacheka huko.

"Kigingi, nisikilize. Simama hapo ulipo. Usikate kona. Usisogee upande wa korongo."

"Nisimame katikati ya mlima na mzigo? Barabara safi kabisa hii, mpenzi, ni wewe uliye—" Akakatika. Akarudi, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Ngoja. Nyuma kunakaa. Tairi la nyuma linakaa chini."

"Upande gani?"

"Wa korongo."

Kokoto akafumba macho. Kwa macho yale yaliyofumbwa akamwambia, polepole, kama anamfundisha mtoto kushuka kitandani: "Usiongeze moto. Usirudi nyuma, kila ukidunda unakiponda zaidi. Zima. Toka kwa mlango wa abiria, wa upande wa mwamba. Shuka, uache gari."

"Niache gari la watu? Watasema nini? Nikiligusa kidogo tu linatoka, nalijua mimi."

"Shuka, nakuomba."

"Mara moja tu nijaribu..."

Hapo nilimnyang'anya mkwe wangu ile redio. Sijui nilijuaje pa kubonyeza. "Kigingi!"

Redio ikakwaruza. Halafu: "Mama? Mama unafanya nini huko?"

"Gari lina mama?"

"Mama, hapa kazini..."

"Nakuuliza, gari hilo lina mama? Amelibeba nani tumboni? Shuka! Ukisimama kama kigingi leo, mimi nakuja kukung'oa kwa mikono yangu. Shuka sasa hivi, mpuuzi wewe, nakwambia shuka!"

Hakujibu. Nilikuwa bado nimekibonyeza kitufe, kumbe ukikibonyeza husikii. Mzee wa Ungo akanitoa kidole taratibu. Redio ikakwaruza, ikakwaruza, wala hakuna mtu. Kokoto alikuwa amekaa sakafuni, amekumbatia beseni la tope kama mtu aliyepakata mtoto. Mimi nilisimama. Nilijua nikikaa sitainuka tena. Niliomba, na sikumbuki niliomba nini, nakumbuka tu kwamba niliitazama ile mashine yake pembeni, imezimwa, fimbo juu, na masikioni nilikuwa naisikia inadunda. Tu. Inatulia. Tu. Kumbe ni moyo wangu.

Kisha Mhandisi akaongea. "Namwona. Ameshuka. Amesimama kwenye mwamba, mzima." Nusura nicheke. Halafu akasema, "Jamani." Ndivyo alivyosema tu, jamani, na redio ikakatika.

Kigingi alitusimulia baadaye, na kila akisimulia anainama. Alishuka akasogea kwenye mwamba, akageuka kulitazama tipa lake. Anasema lilikaa. Likawa kama linafikiri. Halafu ukingo wa barabara ukafunguka kama mkate uliolowa, na tipa na kokoto zake zote likaenda. Anasema hakusikia kishindo kwa muda mrefu, mpaka akadhani labda halikuanguka.

Alifika nyumbani mchana, amelowa, ameletwa na gari la Mhandisi. Sikumkumbatia. Nilimpiga kofi la mgongo, nikamwambia abadilishe nguo. Kisha nikaingia jikoni, nikaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Kokoto aliitwa na wakubwa. Aliyasema yale yale aliyoyasema redioni, hakuongeza, hakupunguza, wala hakumtaja Mzee wa Ungo. Walimwondoa kwenye mashine, wakampeleka kuchekecha mawe, na Mzee wa Ungo akawa ndiye bosi wake. Hakumtania hata siku moja, na kwa mtu yule hiyo ni adhabu kubwa. Kifusi chote cha mlimani kilikwanguliwa kikamwagwa, kikaletwa kingine cha mbali. Kilipofika walihitaji mtu wa kukipima. Wakamrudisha yeye. Mhandisi alisema anataka mtu anayeogopa.

Sasa vigogo vyake vinalala mbali na oveni. Asubuhi anavipima tena uzito kabla ya kuvidunda, na kimoja anakilowesha kwenye beseni, hata kama hakuna aliyemwagiza. Bado anajibanza nyuma ya nguzo. Mimi nikienda, nasimama nyuma ya nguzo pamoja naye.

Mlangoni kwangu Kigingi alitaka kumwaga zege. Nikakataa. Akasema, "Mama, utavunjika mguu." Nikamwambia mguu ni wangu. Tumeweka ubao wa kupitia, na tope lile lile liko pale pembeni, sikuruhusu liguswe.

Kwa hiyo kila mvua zikianza, kabla mwanangu hajaondoka na tipa, Kokoto anatoka na kanga yake na kuja mlangoni kwangu.  Anavua kiatu, anaweka mguu kwenye lile tope, anabonyeza, anapima maji yameshuka kiasi gani, anasikiliza kama daktari. Kigingi anangoja getini na funguo mkononi, siku hizi anangoja bila utani. Mimi nasimama ndani nimeshika mwimo, naangalia ule mguu, na pumzi siiachii mpaka auinue.